Ndovu wako walikuwa sahihi, kaka

Kaka, assalaam alaykum.

Hili ningekwambia kwa simu, ila kila nikianza unageuza mazungumzo, unaniuliza pweza siku hizi anauzwaje. Basi naliandika hapa, mbele za watu, kwa sababu na wewe ulichekwa mbele za watu.

Sataranji yako bado ninayo. Ile uliyoichonga kwa vipande vya mfenesi tulivyookota kwa fundi wa milango, kwa patasi ya kuazima na kisu cha mama yako cha kuparia samaki. Nusu ya kete ulizipaka masizi ya chungu na mafuta ya nazi, nusu ukaziacha na umanjano wake. Hatukujua wakati ule kwamba mfenesi hugeuka rangi kadiri unavyokaa. Zile za manjano sasa zimekuwa hudhurungi, na jua likishazama inabidi uipindue kete utazame kitako ndipo ujue ni ya nani.

Babu ndiye aliyetufundisha majina: shaha, waziri, ndovu, farasi, ngome, kitunda. Wewe ukachonga kama ulivyosikia. Waziri ukamvika kilemba. Ndovu ukawatia mikonga, wanne wote, na mkonga mmoja ulikuchukua siku mbili kwa sababu mti ulikuwa ukipasuka. Kisha ukaipeleka skuli, wenzetu wakaweka zao za plastiki pembeni ya zako, na mmoja, maana kwao ndovu huitwa askofu, akapiga kelele, "Askofu ana mkonga!" Darasa zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, kaka. Nilikuwa nimekaa karibu yako kabisa na nilicheka. Tangu siku ile sikukuona tena na patasi mkononi.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa barazani Soko Muhogo nakunywa kahawa. Alikuwepo mgeni, Mmisri, na mwenyeji wake akatwambia kwamba ana cheo cha Intanashonali Masta, ngazi moja chini ya Grandimasta. Kwa kawaida mtu hapewi cheo hicho na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kabla hajafika pointi 2400, na hata akizifika, kuna mashindano ya kumpima. Akasema anatamani mchezo mmoja. Kila mtu akatoa simu. Mimi nikakimbia nyumbani.

Niliporudi nilimwaga kete juu ya ule ubao wetu wa drafti, na nakiri moyo ulikuwa ukinidunda, nikingoja kicheko. Akaokota ndovu mmoja, akampitisha kidole gumba kwenye mkonga, akasema neno moja tu: "Fil."

Neno hilo, yaani ndovu kwa Kiarabu, mimi na wewe tunalo tangu tukiwa chuoni na majuzuu yetu, tukiisoma Suratul Fil kwa sauti moja. Akamwokota mwenye kilemba, akasema, "Wazir." Akazipanga zote, zako na zangu, bila kuuliza ipi ni ipi.

Kwao ndivyo wanavyoitwa mpaka leo. Alinieleza, kahawa ikipoa, kwamba mchezo ulitoka India ukapita Uajemi ukafika kwa Waarabu, na ndovu alikuwemo tangu mwanzo kwa sababu ndovu walikuwa sehemu ya jeshi. Ulaya ndiko waziri alikogeuzwa malkia, na mwishoni mwa karne ya 15 akapewa nguvu alizo nazo sasa. Askofu ni jina la Waingereza. Wahispania bado wanasema alfil, Warusi wanasema slon, yaani ndovu, na Wafaransa wanamwita mwehu. Kwa hiyo Babu alikuwa sahihi, na kisu chako kilikuwa sahihi. Tuliokosea ni sisi tuliocheka.

Kuhusu mchezo wenyewe, alinipa upande wa manjano. Nikaanza na kitunda cha mbele ya shaha, nikatoa farasi, nikatoa ndovu, kisha farasi yule yule nikamvusha mbele akivizie kile kitunda ambacho hakina mlinzi ila shaha mwenyewe. Akanisukumia kitunda cha kati. Nikakila. Akanipa kingine nacho nikakila, yeye akala kimoja, nikawa mbele kwa kitunda kimoja, nikajiona nimefika. Kumbe alikuwa ananunua nafasi. Ndovu wangu akafukuzwa, farasi akafukuzwa, akakimbilia pengine akafukuzwa tena, na tulipofika hatua ya 10 njia za ndovu wake wote wawili zilikuwa wazi. Kwenye hatua ya 27 walikuwa wamesimama bega kwa bega, mikonga imeelekea upande niliomficha shaha wangu. Nikamlaza shaha, nikakubali nimeshindwa.

Mzee mmoja, fundi wa bao, alikuwa akitazama kimya muda wote. Aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: sataranji ina vyumba 64 na kete 32, na bao lina mashimo 32 na kete 64. Alikuwa amezihesabu zako moja moja.

Mgeni aliuliza nani kachonga. Nikasema kaka yangu, yuko Maskati. Akauliza, "Bado anachonga?" Nikatazama chini. Wewe ndiye wa kumjibu, si mimi.

Nisamehe kwa kicheko kile. Ningekuomba zamani, ila nilikuwa nikijidanganya kwamba umeshasahau.

Ndovu mmoja mweusi mkonga wake umekatika karibu na ncha, na kile kipande kimepotea. Fundi wa pale mtaani alitaka kumgundisha mwingine, nikamkatalia. Kipande cha mfenesi kikavu nimekuwekea juu ya kabati la Babu, pamoja na patasi. Safari hii ni yetu, si ya kuazima.