Barua kwa mwanangu: dhahabu ya Kilwa tumeiona

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Tumerudi salama, na jana tumelala nyumbani. Goti la baba yako bado linamsumbua lakini anatembea, na leo asubuhi amekwenda mwenyewe kununua samaki. Kwenye simu nilikwambia Lisbon ni pazuri nikaishia hapo, kwa kuwa lililo kubwa halikufaa kusemwa mbio mbio huku simu inakatikakatika. Kaa kitako unisome.

Mji wenyewe ni vilima vitupu. Njia za miguu wametandaza vijiwe vidogo, vyeupe na vyeusi, vilivyosuguliwa na nyayo za watu hadi vinang'aa, na mvua ikinyunya kidogo tu vinateleza kama sabuni. Hapo ndipo baba yako alipoanguka, siku ya pili. Nyumba tuliyofikia nayo tuliambiwa ina lifti, kumbe haina, na chumba kiko ghorofa ya nne. Basi kila asubuhi tulishuka polepole, mkono wake begani kwangu, tukapanda tramu. Wala sijutii. Kuta nyingi zimevishwa vigae vya buluu na vyeupe, na jua la jioni likizipiga utadhani zina maji. Chakula chetu kilikuwa samaki: sardini za kuchoma, na pweza laini aliyemwagiwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Baba yako alimsifu pweza yule siku tatu.

Mama aliyetupokea pale hakujua Kiswahili, nasi Kireno hatukijui. Alipokuwa akitandika kitanda akashika foronya, akaitaja: fronha. Nikashtuka. Nikagonga meza, akasema mesa. Nikachukua limau, limão. Nikamwonyesha bendera dirishani, bandeira. Mwisho nikavua leso yangu begani nikaitaja, naye akatoa kitambaa chake mfukoni, lenço. Tulicheka kama watoto. Usiku, taa imezimwa, baba yako akaniambia, "Maneno haya yalitufikia pamoja na mizinga."

Kesho yake tulikwenda Belém, kwenye ile nyumba ya watawa ya Jerónimos. Walianza kuijenga miaka ya mwanzo ya 1500, na fedha nyingi zilitoka kwenye ushuru wa viungo vilivyoletwa kwa bahari yetu hii. Ukiingia tu kanisani unalikuta kaburi la Vasco da Gama, amechongwa kwenye jiwe, amelala chali, viganja vimekutana kifuani. Wewe huko Muscat unazijua Jalali na Mirani, ngome walizozijenga Wareno miaka ya 1580. Baba yako alisimama pale muda mrefu, hakusema neno.

Lakini ninalotaka ulijue liko kwenye jumba la makumbusho la sanaa za kale, karibu na mto Tejo. Kuna chombo cha kanisani, Wakatoliki hukiita monstransi, cha kuonyeshea ile mikate yao mitakatifu. Kimo chake hakifiki hata mita. Ni dhahabu yenye nakshi za rangi, na katikati wamepiga magoti wanafunzi kumi na wawili wa Nabii Isa, vidogo kama kidole, kila mmoja na uso wake. Mfalme Manuel ndiye aliyeagiza kitengenezwe, na kazi ikakamilika mwaka 1506. Sonara wake anatajwa kuwa Gil Vicente. Kwenye kitako yamezunguka maandishi. Yanasema kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Jina lenyewe limo, mwanangu, limeanzwa kwa herufi Q. Baba yako alikizunguka kioo kile ameinama na goti lake bovu, akifuata herufi, na alipolifikia neno hilo akashika ukingo wa meza. Historia yake unaijua, alikufundisha mwenyewe: mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na merikebu za vita, akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, awe chini ya mfalme wa Ureno na alipe dhahabu kila mwaka. Dhahabu ilikuwa ya bara, ikishukia Sofala, na Kilwa ndiyo iliyokuwa imeishika biashara ile. Amiri akalipa. Haikusaidia. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida na jeshi, mji ukatekwa na kuporwa.

"Nimecheza utotoni kwenye magofu," akaniambia, "nikiambiwa hapa palikuwa na dhahabu. Leo ndiyo naiona."

Binti anayelinda chumba kile alimletea kiti. Baba yako akamwonyesha lile neno, kisha akajigusa kifua. Yule binti akaelewa. Akachutama chini kabisa akamsomea herufi moja moja, naye akaziandika kwa penseli kwenye daftari lake, mpaka mzunguko ukakamilika. Mimi nilikuwa na hasira, sikufichi. Kazi ile ni nzuri mno, na uzuri wake ndio ulioniuma. Kingekuwa chombo kibaya ningekipita.

Siku ya kuondoka tulipita Carmo, kanisa lililobomolewa na tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755. Matao yamebaki, paa la ukumbi wake halipo, unatazama mbingu moja kwa moja. Baba yako alikaa kwenye ngazi akasema ni kama kukaa ndani ya Msikiti Mkubwa wa kwetu Kilwa Kisiwani jua linapoanza kuingia. Tukakaa hapo mpaka muda wa kwenda uwanja wa ndege.

Likizo ya Desemba uje na watoto. Baba yako anataka awavushe yeye mwenyewe kwa mashua hadi Kisiwani, wakati bado anaweza kupanda hadi Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la sultani. Ndani ya bahasha nimetia ile karatasi aliyoiandika. Nimeikunja mara moja tu. Usiikunje tena, penseli inafutika.

Wasalimie wote.

Mama yako