Elisi hakutoka kwenye bangi

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu niko kazini na sijawahi kuwaandikia, hata mlipochanganya matokeo ya kidato cha nne nilinyamaza. Ila makala ya Jumapili ile kuhusu Lewis Carroll, Mwingereza aliyetunga kitabu cha watoto cha Elisi katika Nchi ya Ajabu, imenishinda. Eti kitabu chote ni bangi na uyoga, kisa kuna kiwavi anavuta buruma. Hizo stori zilipata umaarufu miaka ya 1960 na mambo yao ya mahipi, mwenyewe alishakufa tangu 1898, na ushahidi kwamba alitumia chochote hakuna.

Lewis Carroll jina lake hasa ni Charles Dodgson, alikuwa anafundisha hesabu Christ Church pale Oxford, na alikuwa na kigugumizi. Mimi nimefundisha hesabu miaka 31 na kigugumizi ninacho mpaka leo, kwa hiyo mkimgusa mnanigusa. Tarehe 4 Julai 1862 yeye na rafiki yake Duckworth waliwapakia kwenye boti watoto watatu wa mkuu wa chuo, Lorina, Alice na Edith, wakapiga makasia mto Thames kwenda Godstow, watoto wakadai hadithi, akawatungia hapo hapo. Alice wa miaka 10, ndiye Elisi wetu huyo, akamng'ang'ania aiandike. Akaiandika yote kwa mkono, picha akachora mwenyewe, akamkabidhi Novemba 1864. Teja gani huyo mwenye subira ya miaka miwili? Na wale ndege wa kitabuni waliolowa machozi ya Elisi ndo hao hao wa kwenye boti, bata ni Duckworth, kinda wa tai ni Edith, na dodo, lile dege la Mauritius lililokwisha zamani, ni yeye mwenyewe. Wanasema ni kwa sababu akijitaja jina ulimi ulikwama, Do-do-Dodgson. Kuthibitisha siwezi, ila sisi wenye kigugumizi tunaelewa.

Sasa sikieni mlichonifanyia. Mjukuu wangu wa darasa la tano namsomea kitabu hicho kila usiku, tena kwa Kiswahili, maana Elisi anaongea Kiswahili tangu 1940 na Ida Hadjivayanis ametoa tafsiri nyingine 2015, zote hamkuzigusia. Changu kimekatika mgongo nakifunga na rababendi. Jumapili hiyo tumefika kwenye ile chai isiyoisha, saa imegoma kwenye kumi na mbili, dogo akanikatiza, "Babu, kumbe huyu jamaa alikuwa teja?" Nikataka kumjibu nikakwama, nimeng'ang'ana na neno la kwanza tu, mara mama yake akatoka jikoni na gazeti lenu mkononi, akanichukulia kitabu mapajani bila hata samahani baba, akakipandisha juu ya kabati la vyombo, pale anapoweka sumu ya panya. Mpaka naandika barua hii kiko huko huko, mimi mgongo unauma siwezi kupanda kwenye stuli, na mtoto ameshahamia kwenye katuni za simu.

Na ile stori kwamba Malkia Victoria alimsifia Elisi, akaomba kitabu kingine cha mtunzi huyo akaletewa cha hesabu, Carroll mwenyewe aliikanusha kwa maandishi 1896. Mngetafuta kidogo tu mngeikuta.

Halafu ukurasa wa watoto uko wapi? Ulikuwa unatoka kila Jumamosi, vitendawili, michoro ya watoto, majina ya washindi. Siku hizi hapo kuna odi za mpira, mkeka wa wiki. Wiki inayofuata mnaandika watoto hawasomi.

Ombi langu ni hili. Huyo mwandishi wenu apakiwe kwenye mtumbwi na watoto watatu, mmoja awe msumbufu hasa, simu aache nchi kavu, awasimulie kuanzia mchana mpaka jua lizame bila kurudia kisa. Akirudi aseme alivuta nini. Hela ya mtumbwi natoa mimi, ila makasia apige mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Tanga