Barua ya wazi kwa vijana mnaoongoza wafanyakazi wa bandarini

Wanangu,

Nimesikia kwamba mnajiandaa kukaa mezani na waajiri, na kwamba baadhi yenu hamtaki viongozi wa dini wahusishwe, kwa kuwa mnaona kazi yao ni kuhubiri subira tu. Kabla hamjakata shauri, nawaomba mtafakari habari za Kardinali Henry Edward Manning, aliyekuwa Askofu Mkuu Mkatoliki wa Westminster, huko London.

Mwezi wa Agosti 1889 makuli wa London waligoma. Walidai peni sita kwa saa badala ya tano, na anayeitwa kazini apewe kazi isiyopungua saa nne, maana mtu aliweza kusukumana na wenzake langoni tangu asubuhi kisha akaambulia kibarua cha saa moja au mbili. Manning, mzee wa miaka 81, hakuwakemea. Aliwaendea wakurugenzi wa bandari, na tarehe 10 Septemba akakutana na viongozi wa mgomo katika shule moja huko Poplar, mtaa wa London ulio karibu na bandari, akazungumza nao kwa saa kadhaa mpaka wakaafiki kwamba ujira mpya uanze tarehe 4 Novemba.

Tarehe hiyo haikuwa jambo dogo. Mimi niliyebeba magunia gatini najua uzito wa kurudi kazini kwa ujira uleule wa zamani, kama wao walivyorudi tarehe 16 Septemba na kungoja majuma saba, huku mwenye nyumba anadai kodi yake.

Kwa nini basi walimkubalia mtu ambaye baba yake alipata kuwa gavana wa Benki ya Uingereza? Kwa sababu hawakuanza kumfahamu siku ile. Wengi wao walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland, na kwa miaka mingi walimwona akitanguliza shule za watoto maskini kabla ya kujenga kanisa kuu, akipiga vita ulevi mitaani kwao, na mwaka 1884 akiketi katika tume ya kifalme iliyochunguza makazi ya wafanyakazi. Nadhani bila miaka hiyo, maneno yake ya Poplar yasingekuwa na uzito wowote.

Kwa hiyo mwendeeni paroko, na shehe pia, sasa hivi ambapo hakuna mgomo. Waleteni langoni alfajiri, vibarua wanapopangwa foleni, wawaone kwa macho yao wale wanaorudishwa nyumbani mikono mitupu.

Ni mimi mzee wenu, kuli mstaafu.