Kwa wavuvi wa sambaza wa Bukavu: mtoto amalize shule kwanza

Wadogo zangu na wanangu wavuvi, nanyi wamama mnaotungoja ufukweni alfajiri,

Nimevua sambaza, hawa dagaa wetu wa Ziwa Kivu, zaidi ya miaka thelathini. Mwaka huu nimehesabu watoto watano wa ufukwe wetu waliomaliza darasa la sita na sasa wamo mitumbwini. Primari za serikali hapa Kongo zilitangazwa bure mwaka 2019. Sekondari inalipwa, na hapo ndipo tunapowakatia watoto njia.

Mimi nilifanya hivyo. Kifungua mimba wangu nilimpa kazi ya kulinda taa ya kuvutia sambaza usiku, asubuhi aende darasani. Siku moja nilifungua daftari lake. Magamba ya sambaza yalikuwa yamenata kwenye kurasa, na mstari wa kalamu umeteremka mpaka chini, pale usingizi ulipomshika. Nikalifunga, nikanyamaza. Mwaka uliofuata hakurudi shule. Leo anavulia nyavu za kukopa, na kila nikimwona nalikumbuka lile daftari.

Dada yake hakuachishwa, mama yao alikataa katakata. Sasa ni muuguzi. Mshahara wake ni mdogo na huchelewa, sitawadanganya, lakini hautegemei mwezi wa angani. Sisi mbalamwezi ikiwaka sambaza hawafuati taa, na nyumba nzima inakopa unga.

Nasikia mkisema ziwa ni urithi, linatosha. Sambaza hatukuwarithi, ndugu zangu. Walitolewa Ziwa Tanganyika wakaletwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo babu zetu hawakuwajua. Na chini kabisa ya nyavu zetu kuna gesi. Ng'ambo, upande wa Kibuye kule Rwanda, tangu 2016 mtambo unaivuta na kutoa umeme wa megawati 26. Siku kazi hiyo ikifika kwetu wataitwa waliosoma kemia na ufundi wa umeme. Nataka waitwe watoto wa ufukwe huu, wasichana kwa wavulana.

Mtaniuliza pesa zitoke wapi. Zinapita mikononi mwetu kila giza la mwezi, tunazila zikaisha, kisha shule inadai wiki tusiyo na kitu na mtoto anafukuzwa. Basi tufanye likelemba ya masomo, yaani mchango wetu wa pamoja. Kila usiku wa giza, kila timu itenge beseni moja kabla ya kugawana. Liuzwe, na pesa zishikwe na wamama: wao ndio wanaojua bei, na wao ndio wanaompokea mtoto aliyerudishwa nyumbani akilia. Mwanafunzi asishuke ziwani usiku wa kuamkia shule, hata kama mkono mmoja umepungua. Nitakuja kuziba pengo mimi, bado nina nguvu za kuvuta kamba.

Giza linaloanza nitakuwa ufukweni na daftari jipya. Njooni na jina la mtoto na mwaka anaosoma.

Mzee wenu