YAH: Malalamiko ya siku ya gofu Gotemba, Japani, tulilipia mashimo 18 tukacheza 12

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Mimi, mke wangu na baba mkwe wangu tulisafiri kwenda Japani Novemba kwa mpango wenu wa siku nane. Hoteli zilikuwa safi, treni hazikuchelewa, na mwenyeji wenu wa Tokyo ni muungwana. Ninalalamikia siku moja tu, ile ya gofu, ambayo kwa kweli ndiyo iliyotufanya tuje kwenu.

Kwenye kipeperushi chenu kuna picha ya uwanja wa mlimani: bendera inapepea, nyuma yake Mlima Fuji umesimama mzima mzima. Picha hiyo ni ya shimo la 16. Sisi shimo la 16 hatukulifikia.

Ratiba yenu ilisema tuanze saa 2:07 asubuhi na basi litufuate saa 6:00 mchana. Aliyeipanga nadhani alihesabu kwa mazoea ya hapa nyumbani, mtu anapiga mashimo 18 mfululizo, katikati anakunywa soda amesimama. Viwanja vingi vya Japani haviendi hivyo. Unacheza tisa, unaingia kula karibu saa nzima, halafu unapangiwa upya muda wa kuanza tisa za pili. Ukimaliza unaoga kwenye maji ya moto, ndipo unaondoka. Ni shughuli ya kutwa, na anayeuza gofu ya kule alitakiwa kulijua hilo kabla ya kukodi basi.

Tisa za kwanza ziliupa mgongo Mlima Fuji. Tukajipa moyo, mlima tutauona baada ya chakula. Tulianza tena saa 5:14. Ilipokaribia saa sita, tukiwa shimo la 12, redio ya kedi, yaani msaidizi wetu wa uwanjani anayetunza fimbo, ikaita: basi limefika, dereva hawezi kusubiri, maana tiketi za treni mlizotukatia kutoka Mishima ni za saa saba.

Kedi, mama wa makamo mwenye kofia pana iliyoshonewa kitambaa cha kufunika shingo, hakuamini. Aliutazama mpira wa mzee uliokuwa hatua nne tu kutoka shimoni, akatutazama sisi, akauliza kwa ishara kama kuna mgonjwa. Kisha akazifuta fimbo moja moja kwa taulo lililolowa, akazihesabu, akanipa karatasi nisaini kwamba zote zipo. Akabonyeza rimoti, kigari kikaanza kupanda kilima chenyewe, nasi tumekaa ndani kimya kama watu wanaotoka mazikoni. Bafu mlilolitaja kwenye kipeperushi tulilipita mlangoni.

Mawingu yangefunika mlima nisingeandika barua hii, mawingu si yenu. Ila siku ile anga lilikuwa jeupe.

Kuna na hili la kodi. Baba mkwe ana miaka 74, na Japani mwenye miaka 70 au zaidi husamehewa kodi ya kutumia uwanja wa gofu. Mapokezi walitazama pasipoti yake, wakaifuta kodi hiyo. Kwenye ankara yenu yeni 800 zake bado zimo. Ni hela ya vocha, lakini ni yake.

Naomba mturudishie theluthi moja ya gharama ya gofu kwa watu watatu, pamoja na hizo yeni 800. Naomba pia ratiba hiyo irekebishwe kabla hamjamuuzia mwingine. Mkishindwa, iondoeni ile picha. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nikilikosa, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Nimeambatisha ankara, ratiba yenu, na kadi ya alama ambayo kuanzia shimo la 13 haina kitu.

Wenu,
Mteja, kwa niaba ya wachezaji watatu