Alificha pampu ya mtoto, halafu mkosaji niwe mimi?

Anti shikamoo. Saa kumi alfajiri hii sijalala, mwanangu ndo kapitiwa na usingizi sasa hivi na mi nimekaa tu namsikiliza kifua. Ana miaka 6, pumu anayo tangu ana 3.

Juzi usiku kaanza kukohoa, koili ya mbu inawaka sebuleni na nilishasema mara ngapi ule moshi haumfai. Nakimbilia pampu ya bluu, ile ya kumpulizia dawa akibanwa kifua, kwenye droo, haipo. Anti haipo! Mtoto anavuta pumzi mbavu zinaingia ndani, hata kuniita mama hamalizi, mi napekua nyumba nzima. Kumbe mama mkwe kaiweka juu ya kabati lake, eti mtoto ataizoea, apewe tangawizi na asali. Nilimfokea. Mtu mzima ndio, sikatai, ila we ungefanyaje?

Nikampulizia kwa ile chupa ya maji ya nusu lita niliyotoboa kitako, nesi ndo alinionyesha, puliza moja anavuta pumzi tano sita, naongeza nyingine. Hospitali wakamwekea oksijeni. Na pale pale kwenye benchi, mtoto ana maski usoni, mume wangu ananiambia nini? "Umemvunjia mama heshima." Hajauliza mtoto anaendeleaje. Umemvunjia mama heshima!

Sasa anataka Jumapili niombe msamaha mbele ya mashangazi. Kuomba naomba, mama kanipokea vizuri kwenye hii nyumba sina ubaya nae. Ila siombi mpaka aseme kwanza kwamba aliificha. Bora nimchukue mtoto niende kwetu, japo kwetu wanapikia kuni na moshi ndo adui yake mwingine.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Daktari aliniuliza ile pampu ya kahawia ya kila siku, ya kuzuia asibanwe, anatumia? Nikasema ndio. Nilimsimamishia, huu unaenda mwezi wa pili sasa, alikuwa mzima kabisa anacheza mpira, nikaona ya nini kumjaza dawa, na hela yenyewe unajua. Labda maneno ya mama yalishaniingia. Lakini mi sikumficha mtu dawa!

Jumatatu tunarudi kliniki na mume atakuwepo. Nikisema ukweli mbele yake, anti, si itakuwa yote nimeyataka mimi?