Marumaru zikivunjika njiani, hasara ni ya nani?

Mteja wa Mbeya ananunua maboksi 200 ya marumaru dukani kwetu Kariakoo. Tunampakilia kwenye lori la mikoani. Likifika, maboksi 12 yamevunjika. Anapiga simu: "Huo bado ni mzigo wenu, mimi sijakabidhiwa." Tunamwelewa kabisa, lakini kisheria mara nyingi alikabidhiwa tangu Dar es Salaam.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, ina asili yake katika sheria ya Uingereza ya 1893, na Kenya wana ya kwao inayofanana nayo, Sura ya 31. Inasema kwamba pale muuzaji anaporuhusiwa au kutakiwa kutuma bidhaa, kumkabidhi msafirishaji huhesabiwa kuwa ni kumkabidhi mnunuzi. Kwa bidhaa kama zetu, zinazohesabiwa kutoka kwenye shehena kubwa ya stoo, hapo ndipo kwa kawaida umiliki unapohama. Na hatari ya kupotea au kuharibika hufuata umiliki. Hata kama mteja bado anadaiwa nusu ya bei, mali ni yake na hasara ya njiani ni yake, isipokuwa kama tulikubaliana vingine.

Hapo kwenye "kama tulikubaliana vingine" ndipo tunawaomba wateja wetu wapaangalie sana. Sheria inaheshimu makubaliano yenu. Ndiyo maana kwenye ankara tunaandika mahali pa kukabidhiana: dukani, au mlangoni kwa mteja. Ukichagua mlangoni, bei inapanda, kwa sababu kilichovunjika njiani, kama kwenye mlima Kitonga, tunakibeba sisi. Ukichagua dukani, unaokoa pesa, ila dereva akiangusha mzigo, wa kumdai ni msafirishaji.

Nasi hatuwezi kujificha nyuma ya lori. Muuzaji anatakiwa kufanya mapatano ya maana na msafirishaji, kulingana na aina ya mzigo. Tukikuwekea marumaru chini ya mifuko ya saruji kwenye gari bovu, zikavunjika, una haki ya kukataa kuhesabu kwamba ulikabidhiwa, au kutudai fidia.

Sasa, kukabidhiwa siyo kuukubali mzigo. Hili linawaumiza watu wengi, na wengi wao ni watu waaminifu tu. Kama hukuukagua kabla, sheria inakupa nafasi ya kutosha kuukagua kuona kama ndio mliokubaliana. Ukikuta rangi siyo uliyoagiza, unaweza kuukataa, wala hulazimiki kuturudishia wewe. Inatosha kutuarifu kwamba umeukataa. Lakini haki hiyo inakwisha ukisema umeridhika, ukikaa nao muda mrefu bila kusema neno, au ukiufanyia jambo la mwenye mali baada ya kupata nafasi ya kuukagua. Fundi akishabandika sebule nzima, umeukubali. Kinachobaki ni kudai fidia. Kurudisha mzigo hakupo tena. Kwa hiyo fungua maboksi kadhaa, linganisha namba ya loti (yaani ya kundi lililotengenezwa pamoja) iliyochapwa ubavuni, halafu ndipo uite fundi.

Idadi nayo ina kanuni yake. Yakija maboksi 180 badala ya 200, unaweza kuyakataa yote, au kuyachukua na kulipia hayo 180 tu. Yakija 220, chukua 200 na ukatae yaliyozidi, au kataa yote. Ukiamua kubaki na yote, unalipia yote kwa bei ya mkataba.

Kwa mzigo wa baharini, muuzaji anatakiwa kumtaarifu mnunuzi mapema ili aweze kukata bima, pale ambapo ni kawaida kukata. Asipofanya hivyo, hatari ya safari inabaki kwa muuzaji.

Lori likifika, hesabu kabla ya kusaini hati ya kupokelea. Ukiona boksi lililopondeka, andika kwenye hati hiyo hiyo, piga picha likiwa bado juu ya gari, kisha ututumie picha hizo siku hiyo hiyo.